Kigelegele cha Chachu

Asubuhi ya leo mfano wangu ni wa pombe. Nawaomba wazee wa kanisa wasinyanyuke kwanza. Nimeufikiria wiki nzima, nikajaribu kuuhamishia kwenye mkate, kisha kwenye maziwa ya mgando, na kila nilipouhamisha uliharibika. Kwa hiyo nimeuacha kwenye pombe, ulikozaliwa. Tena niseme mapema kwamba kijiji nitakachokitaja hakipo, msikitafute, na watu wake nimewatunga mimi.

Kilikuwepo kijiji cha milimani, kwenye baridi, ambako miti ya misindano, ile wengine tunaiita paina, imepandwa hadi kwenye uzio wa nyumba. Zamani walifika pale mafundi kutoka Norwei kujenga kiwanda cha kupasua mbao. Walikaa miaka michache wakaondoka. Mashine zao zilikufa moja baada ya nyingine. Kitu pekee walichokiacha kikabaki hai ni chachu yao ya pombe.

Chachu hiyo haikuwekwa kwenye kopo. Iliwekwa kwenye pete ya mbao: vipande vidogo vya mti vilivyofungamanishwa vikafanya duara, upana wa sinia dogo. Mwanamke akipika pombe na pombe ikiumuka, alichovya pete kwenye povu, akaikausha juani, kisha akaitundika kwenye kichanja juu ya jiko. Mle kwenye nyufa za mbao chachu ililala, kavu kabisa, miezi sita, hata mwaka. Siku ya kupika tena aliirudisha kwenye kibakuli cha togwa yenye joto, nayo ikaamka, akaimimina kwenye togwa yote. Siku mbili tu pombe ilikuwa tayari.

Wanawake wa kijiji wakaifanya yao. Walitumia kimea cha ulezi kilichochanganywa na shayiri kidogo. Kwa ladha walichuma ncha changa za misindano, zile za kijani hafifu zinazotokea mwanzo wa mvua, zikiwa laini bado na zimevaa kiganda cha kahawia chembamba kama karatasi. Walichuma za pembeni tu. Ncha ya juu kabisa hawakuigusa, maana mti ukikatwa hiyo hauendi juu tena. Ukinywa pombe ile ulipata kwanza kitu kama ganda la limau, na nyuma yake utomvu kidogo.

Lakini mafundi wale waliacha desturi moja zaidi. Wakati wa kumimina chachu walipiga ukelele. Walisema chachu ikimiminwa kimya inatoa pombe dhaifu. Wanawake wakaipokea na hiyo, ila ukelele wakaugeuza kigelegele. Kwa hiyo kijijini pale ukisikia kigelegele asubuhi, na hakuna harusi wala mtoto aliyezaliwa, ulijua kuna nyumba imeamsha chachu.

Sasa, akaolewa pale msichana mmoja kutoka mjini. Alikuwa amesoma chuo kikuu, kemia ya vyakula, na alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Nitamwita mkwe, kwa kuwa ndivyo kijiji kilivyomwita. Mama mkwe wake mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, akaona ni wakati wa kumkabidhi pete.

Alimfundisha kila hatua. Jinsi ya kuotesha ulezi, jinsi ya kuchuja, jinsi ya kuchemsha ncha za misindano bila kuzidisha. Mkwe aliandika yote kwenye daftari. Mama mkwe alisema togwa ipoe mpaka mkono uvumilie. Mkwe akachomeka kipimajoto akaandika nyuzi thelathini na nane. Wakafika kwenye kumimina.

"Sasa piga kigelegele," mama mkwe alisema.

"Cha nini, mama?"

"Chachu isikie iamke."

"Mama, chachu haina masikio."

"Na wewe unayo mawili, mbona hupigi?"

Mkwe akapiga. Ndugu zangu, kupiga kigelegele si jambo ambalo kila mtu amejaliwa. Sauti yake ilianza vizuri, ikakatika katikati, ikaisha kama kikohozi. Ng'ambo ya barabara wapasua mbao wakasimamisha msumeno.

"Jamani, mama mkwe kakanyaga paka?" mmoja akapaza sauti.

"Huyo ni msomi anaumua!" mwingine akajibu, na wote wakacheka.

Mkwe alicheka pia. Lakini usoni alikuwa amepata joto, na siku ile hakutoka nje tena.

Juma lililofuata alifanya jaribio. Aligawa togwa moja kwenye ndoo mbili zinazolingana. Akaweka nyuzi thelathini na nane kila moja, akaweka chachu ya pete ileile, kiasi kilekile. Ndoo ya kwanza aliipeleka uani na mama mkwe akaipigia kigelegele kamili. Ndoo ya pili aliimimina chumbani, mlango umefungwa, hakukohoa hata. Kila baada ya saa mbili alipima kimo cha povu kwa rula. Siku ya tatu akawaita watu wanne wanywe bila kujua ipi ni ipi. Povu lililingana. Ladha ililingana. Akamletea mama mkwe daftari.

"Angalia, mama. Hakuna tofauti hata ya nusu sentimeta."

Mama mkwe aliiangalia ile mistari kwa muda. Alikuwa amepiga kigelegele miaka arobaini na tatu. Aliambiwa na mama mkwe wake kwamba ni kwa ajili ya chachu, na yeye alimwambia mkwe wake hivyohivyo.

"Basi kama ni hivyo," alisema, "usijisumbue."

Naomba mniambie: mkwe alikosea? Mimi nasema hakukosea. Jaribio lake lilikuwa safi. Mtu yeyote mwenye ndoo mbili na rula angepata jibu lilelile. Kweli ilikuwa upande wake, na ilimpa ruhusa ya kuacha kitu kilichokuwa kinamtia aibu. Hapo tu ndipo ninapomtilia shaka kidogo, kwa sababu najua jinsi tunavyopenda kweli ikituondolea aibu. Hatuipimi mara ya pili.

Tangu siku hiyo pombe ya nyumba ile iliumuka vizuri kuliko mwanzo, na iliumuka kimya.

Ng'ambo ya kijito, hatua mia na arobaini kutoka nyumba ile, aliishi mjane mmoja. Nataja hatua ili msidhani ilikuwa mbali. Huyu nitamwita mama wa ng'ambo. Zamani kila nyumba ilikuwa na pete yake, lakini barabara ilipofika na bia ya chupa ilifika, na pete zikawa kuni. Upande ule wa kijiji zilibaki pete mbili: ya kina mkwe na ya mama wa ng'ambo.

Mama wa ng'ambo alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Miaka tisa nyuma baba wa kijana huyo alikufa, na kijana hakuja kuzika. Alikuja siku ya arobaini, amevaa shati jipya. Mama yake alimsimamisha mlangoni, mbele ya shangazi na wajomba, akamwambia maneno haya: "Siku nitakayokusamehe, utakuta nimekupikia pombe kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikuta meza haina pombe, usikae."

Kijana akageuka akaondoka, na hakurudi.

Kuna mtu humu ndani ambaye hajawahi kutamka sentensi ya namna hiyo? Unaitamka ukiwa na hasira ya siku moja, halafu unaishi nayo miaka tisa. Moyo wake mama huyo ulishamsamehe mtoto kabla mwaka wa pili haujaisha. Sentensi ndiyo iliyobaki imesimama mlangoni.

Sasa, Jumanne moja simu ililia. Alikuwa kijana.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo napita na lori la mbao. Litapakia kwa saa mbili. Nikivuka kuja kwako, nitakaa?"

Mama wa ng'ambo alilazimika kuiweka simu mezani kwanza. Kisha akaichukua.

"Njoo," alisema. "Utakuta pombe."

Alikata simu akaenda moja kwa moja kwenye kichanja. Paa lilikuwa limevuja kipindi cha mvua na yeye hakuona. Pete ilikuwa imevaa ukungu wa kijani, unene wa manyoya ya kifaranga. Aliisugua, akaikausha, akaichovya kwenye togwa vuguvugu. Asubuhi yake ilitoa harufu ya matambara yaliyolowa. Chachu ilikuwa imekufa.

Najua mnataka kuniuliza maswali mawili, nami nitayajibu. La kwanza: si anunue hamira dukani? Ingeumua, ndiyo. Ingetoa pombe yenye harufu ya maandazi, na kijana angeijua kwa funda la kwanza. La pili: si avuke kijito aombe kwa jirani?

Hapa lazima niwaeleze adabu ya kijiji kile. Chachu ya mtu ikifa, alisubiri. Alisikiliza mpaka kigelegele kitoke nyumba nyingine, halafu akavuka na kikombe na kusema maneno matatu: "Nimesikia chachu imeamka." Hakuna aliyemuuliza kitu. Alijaziwa povu, akaenda. Lakini nyumba ambayo haijapiga kigelegele muda mrefu hukuiendea. Kwa nini? Kwa sababu kunyamaza kulikuwa na maana moja tu, kwamba pete yao imekufa. Ukienda kuomba unamlazimisha mwenye nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba kile alichokabidhiwa na mama mkwe wake kimemfia mikononi. Watu wa pale walihesabu huo kuwa ukatili.

Na mama wa ng'ambo alikuwa hajasikia kigelegele upande ule kwa muda mrefu. Kile cha mara ya kwanza, cha kikohozi, alikisikia. Kile cha siku ya jaribio alikisikia. Baada ya hapo, kimya. Akasema moyoni: maskini, msichana wa mjini, ameiua na anaogopa kusema.

Akasikiliza. Kuanzia Jumanne ile aliweka kigoda mlangoni kila asubuhi, na kazi zake zote, kuchambua mchicha, kupepeta, kushona, alizihamishia pale. Siku sita, saba, nane. Alishachuma ncha za misindano. Kimea kilishasagwa. Vitu vyote vilikuwa tayari isipokuwa kimoja.

Katika siku hizo mkwe alimimina chachu mara mbili. Mara ya kwanza Jumapili, kujaribu kimea kipya. Mara ya pili Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Nyuzi thelathini na nane. Aliandika kwenye daftari. Mama wa ng'ambo alikuwa mlangoni kwake saa hiyo, kigodani, ameelekeza sikio la kulia, lile linalosikia vizuri. Harufu haikuweza kumsaidia, kwa kuwa nyuma yake jikoni mlikuwa na sufuria ya ncha za misindano inachemka, na nyumba yote ilinuka hivyo.

Siku kumi na moja zikaisha bila sauti yoyote. Ijumaa jioni alichinja kuku.

Jumamosi lori likasimama barabarani, mbele ya nyumba ya mkwe. Akashuka mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Mkwe alikuwa kibarazani, mtoto mgongoni, anachuja pombe ya ubatizo kwenye ndoo safi.

"Karibu, kaka. Umepotea njia?"

"Njia naijua, dada. Nimezaliwa hapahapa."

"Basi onja uniambie ukweli, maana hapa wote wananisifia tu. Kesho tunabatiza."

Akampa nusu kikombe. Mwanamume akanywa, akafumba macho kidogo. Ganda la limau, halafu utomvu. Miaka tisa.

"Hii imeumuliwa na pete?"

"Na pete, kaka. Ya dukani hatuitumii hapa."

"Kumbe pete bado zipo."

"Zipo sana," mkwe akajibu kwa fahari. "Yetu haijawahi kufa hata siku moja."

Alimrudishia kikombe, akamshukuru, akavuka kijito kwa hatua za haraka. Mkwe alimwona anavuka. Alifurahi kwamba mgeni ameipenda pombe yake. Hebu mwangalieni vizuri mwanamke huyu. Si mchoyo. Amempa mpita njia kikombe bila kuombwa. Angeombwa povu angetoa ndoo nzima. Nawaambia hivyo ili mtu asijifariji humu ndani kwamba mfano huu ni wa watu wachoyo na yeye si mmoja wao.

Ng'ambo, mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba yangu. Umekonda. Pita."

Hakupita. Alisimama kizingitini, akaiangalia meza. Kulikuwa na wali, kuku, ndizi zilizoungwa kwa nazi, chai ya maziwa kwenye chupa.

"Uliniambia nitakuta pombe."

"Chachu imekufa, mwanangu. Paa lilivuja. Na si yangu tu, upande huu wote imekufa. Hakuna nyumba iliyobaki nayo."

"Hakuna nyumba."

"Hakuna. Nimesikiliza siku kumi na moja."

Akamtazama mama yake usoni. Ulimini kwake utomvu ulikuwa bado haujaisha. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mama ameniambia nije, ameniandalia chakula cha mgeni, na kile kitu kimoja alichosema mbele ya ukoo kwamba ndicho alama ya msamaha, amekosa nia ya kuvuka kijito kukitafuta. Na anadanganya.

"Sawa, mama," alisema. "Lori linanisubiri."

"Lori ulisema saa mbili!"

"Limewahi kumaliza."

Lori halikuwa limewahi. Lilipakia kwa saa mbili kamili kama ilivyopangwa. Muda wote huo alikaa kiti cha mbele, mlango umefungwa, kioo kimepandishwa, na chini ya mteremko mama yake alifunika chakula kwa sahani, akakifunua, akakifunika tena. Kisha lori likaondoka.

Jumapili wakabatiza. Baada ya ibada watu walikusanyika nyumbani kwa kina mkwe, na mama wa ng'ambo akaja, maana hakuna anayesusa ubatizo wa mtoto wa jirani. Alimpakata mtoto, akamsifia masikio. Mkwe akamletea kikombe kwa mikono miwili.

Mama wa ng'ambo akanywa funda moja. Akaliweka kinywani muda mrefu kabla ya kulimeza. Akatua kikombe chini.

"Chachu hii umeitoa wapi?"

"Ni ileile ya mama."

"Iko hai?"

"Iko hai, mama. Iko pale kichanjani."

"Ulimimina lini?"

"Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi."

"Alhamisi saa mbili na robo nilikuwa mlangoni kwangu. Sikusikia kitu."

"Sikupiga, mama."

"Kwa nini?"

"Haiisaidii chachu." Mkwe akatabasamu, kwa kuwa alikuwa anakijua kitu hiki vizuri. "Nilipima. Nina daftari."

"Nani alikuambia kigelegele kinapigiwa chachu?"

Mkwe akamtafuta mama mkwe wake kwa macho. Mama mkwe alikuwa ameshika birika hewani, hamimini. Miaka arobaini na tatu alikuwa amepiga kigelegele na hakujua ni cha nani. Waliovuka na kikombe aliwajazia bila kuuliza, kama adabu ilivyotaka. Pete yake haikuwahi kufa; hakuwahi hata mara moja kukaa mlangoni kusikiliza. Anayejua maana ya kigelegele ni yule aliyewahi kukisubiri.

Mama wa ng'ambo akawaeleza habari ya lori, kwa maneno machache. Alipofika kwenye kijana aliyeshuka Jumamosi akavuka kijito, mkwe akasema, "Nilimwonjesha nusu kikombe," akakaa chini sakafuni palepale.

"Mama, mbona hukuja kubisha hodi? Ningekupa yote."

"Nije nikuulize kama imekufia? Wewe mgeni, hujamaliza miaka miwili kwetu, una mtoto mchanga?" Mama wa ng'ambo akatikisa kichwa. "Nilikuhurumia, mwanangu."

Mtoto aliyebatizwa alilia kidogo, akanyamaza.

Mtauliza kama alimpigia simu kijana. Alimpigia palepale, kwa simu ya mkwe, na mkwe mwenyewe akataka kuzungumza, aeleze. Iliita mpaka ikakatika. Walipiga mara tatu. Kama alipokea siku nyingine, mimi sijui, na sitaki kuwatungia mwisho mtamu ili mwende nyumbani mkiwa wepesi.

Najua kilichotokea baada ya hapo. Mkwe aliuliza, "Nikupe nini, mama?" Mama wa ng'ambo akasema, "Nipe povu." Akajaziwa kikombe, akakifunika kwa kiganja, akavuka kijito. Togwa yake aliyoiandaa kwa ajili ya mwanawe ilikuwa bado jikoni. Akaipasha moto mpaka mkono uvumilie. Hakuwa na mgeni wa kumpikia. Hakuwa na siku ya kuitazamia. Watu wa ubatizo walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka pale kwa kina mkwe waliposikia, kutoka ng'ambo, kigelegele. Kirefu. Hakikukatika.

Alipiga cha nini? Mwanawe alikuwa mbali, asingeweza kukisikia. Chachu haina masikio. Alipiga kwa sababu yeye alijua, kuliko mtu yeyote kijijini, kwamba huenda kuna mwingine amekaa kwenye kigoda mahali fulani.

Wapendwa, niseme sasa na sisi.

Sisi tumekuwa watu wa kupima, na si vibaya. Tunauliza: kusimama kanisani na kueleza Mungu alivyonitoa mahali kunaniongezea nini? Tumepima, tumeona hakuongezi kitu. Nimeshapona, nikisema au nisiposema, afya ni ileile. Ndoa yangu iliyokuwa inavunjika imesimama. Nikisimulia haisimami zaidi. Imani yangu iko moyoni, Mungu anaiona. Yote hayo ni kweli. Daftari letu liko sawa. Tumenyamaza, na tumeuita ukimya wetu unyenyekevu, kumbe wakati mwingine ni kwamba sauti yetu ya kwanza ilikatika na watu wakacheka.

Nilisema mfano huu ulikataa kuhamia kwenye mkate. Sababu ni hii. Humu ndani yumo mtu aliyeacha pombe. Simjui kwa jina na simtafuti kwa macho, msigeuke. Miaka minne, mitano hivi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakutaka watu wajue kwamba alikuwa amefika kule. Leo amekaa, suruali imenyooshwa, mikono haitetemeki. Na nyumba ya pili kutoka kwake, hatua mia na arobaini, yupo mtu anayeamka kila siku anasikiliza kama kuna yeyote upande huu aliyewahi kutoka kwenye chupa akabaki ametoka. Hasikii kitu. Anasema: hakuna nyumba. Upande huu wote imekufa. Na hatakuja kubisha hodi, kwa sababu anadhani wewe unayo shida ileile na anakuhurumia.

Yumo mama aliyezika watoto wawili na bado anaimba. Yumo kijana aliyeshindwa mtihani akataka kujidhuru, na yupo hapa. Yumo mtu aliyesamehe. Chachu iko hai katika nyumba zetu, kavu, kwenye nyufa, juu ya jiko, na jirani anakufa kwa kudhani kwamba haipo popote.

Mimi mwenyewe kigelegele changu kinakatika katikati, mnakijua, mmekisikia kwenye harusi. Haidhuru. Cha mkwe kilikuwa cha kikohozi na mama wa ng'ambo alikisikia, akakihesabu.

Nitakaa sasa. Kwaya isianze kwanza. Tutakuwa na dakika chache za kimya, na huo ndio ukimya wa mwisho ninaoukubali leo. Yeyote ambaye kwake chachu iko hai asimame aseme, kwa maneno matatu kama hana zaidi. Aseme kwa sauti inayovuka kijito.